Mwandishi wa Vipovu

Siku Mwalimu alipolisahihisha jarida la katuni kwa kalamu nyekundu, mkwewe alikuwa jikoni anachambua mchele, na kila alama aliisikia.

"Maadili, sifuri juu ya kumi," mzee alitangaza kutoka sebuleni. "Uchoraji, nne, na hiyo nne ni ya huruma. Hadithi, mbili. Mazungumzo..." Akafunua ukurasa mwingine. "Mazungumzo haya hata sijui niyape ngapi. Hayana kichwa wala miguu."

"Na mwandiko, babu?" aliuliza mjukuu wake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili, na swali hilo aliliuliza huku akitazama mlango wa jikoni.

"Mwandiko, tisa. Aliyeandika maneno haya alifundishwa akafundishika. Kumi simpi, bibi yangu. Kumi ni ya mwalimu."

Jikoni, mama wa yule msichana aliacha kuchambua mchele. Mwandiko ule ulikuwa wake.

Usije ukacheka. Kazi ya kuandika vipovu ipo, na ina wenyewe. Vile viduara vya maneno vinavyotoka midomoni mwa watu wa kwenye katuni, ofisini wanaviita vipovu, na lazima mtu akae chini avichore na kuyaandika maneno ndani yake. Mchoraji anachora watu na kuwaacha mabubu. Mwandishi wa hadithi analeta maneno yake kwenye karatasi nyingine. Mwanamke huyu, ambaye pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake ila Mkono, ndiye aliyeamua kipovu kikae wapi, kiwe na ukubwa gani, kisha akayaandika maneno kwa kalamu ya wino mweusi, herufi moja moja. Alilipwa kwa ukurasa. Tangu mumewe afariki kalamu ile ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba, maana pensheni ya mzee iliishia kwenye dawa zake na gazeti.

Na mzee hakujua. Aliambiwa mkwewe anafanya kazi kiwandani, anapanga karatasi. Utamwambiaje mtu aliyefundisha miaka thelathini na minane kwamba sahani iliyo mbele yake imeletwa na kijitabu anachokitia kalamu nyekundu? Mzee mwenyewe alishasema, tena zaidi ya mara moja, kwamba chakula cha fedha ya uchafu hakitapita kooni mwake. Msichana alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimchongea mama yake penseli, na siri hiyo aliitunza vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Zamani jarida lile halikuwa na ubaya. Shujaa wake alikuwa mlinzi wa soko, mtu wa makamo mwenye kitambi na tochi, aliyekamata wezi kwa akili tu. Mwalimu alilipenda. Darasani aliwanyang'anya wanafunzi nakala zao, akawaambia atazichoma, kisha akazipeleka nyumbani akazisoma mwenyewe. Sanduku zima lilikuwa chini ya kitanda chake. Halafu jarida likapata mwenye mali mpya. Mlinzi akapoteza kitambi, akapata bastola mbili. Wanawake wa sokoni wakaanza kuvuliwa nguo, mmoja baada ya mwingine, bila sababu yoyote ya maana. Kila ukurasa damu, kila mstari tusi.

Siku ya kwanza kazini Mhariri alikuwa amempa Mkono amri moja tu. "Maneno yasipoenea, punguza mwenyewe. Usinisumbue." Alikuwa amesema hivyo kwa uvivu, na mwanamke yule aliishika amri ile kama hati ya nyumba. Uchafu ulipoanza kuingia, akaanza kupunguza. Tusi la mistari mitatu likawa "Wewe, nenda." Mtu aliyechomwa kisu tumboni, badala ya yale aliyoandikiwa kusema, alisema "Aa, jamani." Picha hakuweza kuifuta, lakini kipovu kilikuwa mali yake, na kipovu akikiweka kifuani mwa mwanamke aliye uchi, yule mwanamke amevaa. Basi vipovu vikaanza kunenepa. Miaka miwili wasomaji walinunua jarida lenye vipovu vikubwa kama masufuria, ndani yake neno moja.

Tuseme kweli, alikuwa anaiharibu kazi. Hadithi zilikuwa mbovu tayari, naye akazifanya zisieleweke kabisa. Lakini kila jioni alirudi nyumbani akaweza kumtazama binti yake usoni.

&nbsp;

"Lete karatasi, mwanangu," Mwalimu alisema siku ya mapumziko, baada ya chai. "Nataka kuwaandikia hawa watu."

Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo barua zake zote aliziandika mkwewe. Alikaa mezani, akashika kalamu. Kwa vipovu alitumia herufi kubwa zilizosimama; kwa barua za mzee alitumia mwandiko wa kuunganisha. Alijiambia hakuna atakayeutambua.

Mzee alianza na maadili. Alisema yote ambayo mwanamke yule mwenyewe angependa kuyasema: kwamba mtoto haendi kununua katuni ili afundishwe kumpiga mwanamke, kwamba mlinzi wa soko alikuwa mtu na sasa ni bunduki yenye miguu. Kalamu ilikimbia yenyewe. Alikuwa hata anatabasamu.

"Sasa, aya ya pili," mzee alisema. "Ufundi. Andika: Hata mtu akisamehe maadili, kazi yenyewe imelala. Vipovu ni vikubwa kupita kiasi na vinaziba picha. Ndani yake maneno ni machache, tena hayahusiani na kinachotendeka. Mtu anachomwa kisu, anasema 'Aa, jamani.' Nawashauri mlinganishe maneno yaliyoandikwa na mwandishi wa hadithi na yale yaliyochapishwa. Naona kuna mtu katikati anayelala kazini."

Kalamu ilisimama.

"Baba, ukurasa umejaa," alisema. "Hii ya maadili inatosha. Ndiyo yenye uzito."

"Ongeza karatasi."

"Barua ndefu hawasomi."

"Mwanangu, mtu akisemwa maadili atasema huyu mzee wa zamani. Akisemwa ufundi, ataona haya. Hapo ndipo penye dawa. Andika."

Aliandika kitu, lakini siyo kile. Alipomaliza mzee akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma madaftari maisha yake yote. Mikono ndiyo iliyokuwa mibovu. Macho yalikuwa mazima.

"Umeruka aya nzima."

"Nilidhani..."

"Hujanichoka, mama, sivyo?" aliuliza kwa upole, na upole ule ulimkata mwanamke kuliko ukali. "Najua nakusumbua. Maliza hii tu."

Akaiandika. Neno kwa neno, na yule mtu anayelala kazini akamweka pale pale alipoagizwa. Alisema ataipeleka posta mwenyewe, na moyoni alishajua itaishia kwenye pipa la takataka njiani. Lakini mzee aliitia barua mfukoni mwa shati.

"Posta siiamini. Nitaipeleka kwa mkono. Bibi yangu hapa atanisindikiza akitoka shule."

Msichana alimtazama mama yake. Mama yake alitazama meza.

&nbsp;

Mwalimu alivaa koti lake la mahafali siku ya pili yake. Walifika mapokezi ya ofisi ya jarida saa tisa. Mkono alikuwa chumba cha ndani, na kupitia kioo cha mlango alimwona baba mkwe wake ameshika fimbo, anamweleza karani kwamba hana haraka, anataka tu muhuri wa kuonyesha barua imepokelewa. Mwanamke akainamisha kichwa kwenye ukurasa mpaka pua ikakaribia wino. Mzee alipewa muhuri wake akaondoka ameridhika.

Siku mbili baadaye Mhariri alimwita. Mezani alikuwa ametandaza majarida matatu na karatasi za mwandishi wa hadithi. Mchoraji alikuwa ameegemea dirisha.

"Mkono, kaa," Mhariri alisema. "Hapa mwandishi ameandika mistari mitatu. Wewe umeandika 'Wewe, nenda.' Mingine iko wapi?"

"Haikuenea, bosi."

"Haikuenea." Akafungua ukurasa mwingine. "Na huyu anayeoga? Anasema 'Nani?' Neno moja. Kipovu kikubwa kama beseni. Na humu napo hamkuwa na nafasi?"

Mkono alikitazama kipovu chake.

"Mwenzio hapa alikaa siku mbili akichora hiki kifua. Siku mbili, dada. Umekizika kwa 'Nani?'"

Mchoraji alikohoa. "Mimi nilidhani ni makosa ya mtambo," alisema, akageukia nje. Naye alikuwa na watoto watatu, na hakuwahi kuwapelekea nakala hata moja.

"Miaka miwili," Mhariri alisema. "Mimi naangalia mauzo tu, nani ana muda wa kusoma haya mambo? Mpaka anakuja msomaji kutoka huko anaonyesha kwa kidole. Na tena..." Aliinua barua ya Mwalimu, akaisogeza karibu na ukurasa mmoja, akalinganisha. Uso wake ukaanza kubadilika. "Hii tarakimu nane ya tarehe. Huu mkato wa kichwani mwa T. Mkono, barua hii umeandika wewe?"

"Ni ya baba mkwe wangu. Mikono yake inatetemeka. Mimi huwa namwandikia."

Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Alicheka kikweli, bila chuki, na ndiyo maana iliuma. "Kwa hiyo umejishtaki kwa mkono wako, ukaleta na mashtaka. Na mzee hajui?"

"Hajui."

"Basi kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu."

"Bosi, jarida hili wewe unalipeleka nyumbani kwako?" alimwuliza. Swali lilimtoka tu.

"Nyumbani kwangu ni nyumbani kwangu," Mhariri alisema, na kicheko kikaisha.

Hapo mwanamke akafanya jambo ambalo hatalisahau. Alisema ataandika. Yote, neno kwa neno, na vipovu atavipunguza. Alisema ana mtoto anayekaribia kuingia sekondari na mzee wa kumtunza, akasema tafadhali mara mbili. Mhariri akamsogezea ukurasa mtupu na karatasi ya maneno.

"Nione."

Akaandika mbele yao. Matusi yale, ambayo hata kuyasoma kwa sauti asingethubutu, aliyapanga mstari kwa mstari ndani ya kipovu kidogo safi, wala mkono haukutetemeka. Mchoraji hakugeuka kutoka dirishani. Alipomaliza, Mhariri akauinua ukurasa kwenye mwanga.

"Kumbe yanaenea," alisema. Kisha akauweka chini. "Lakini umechelewa. Kuanzia mwezi huu tunaandika kwa kompyuta. Herufi zako tunazo."

"Zangu zipi?"

"Si uliziandika mwaka jana? A mpaka Z, mara tatu, kubwa na tarakimu. Fundi wa kompyuta alikuomba."

Alikumbuka. Fundi alisema ni za kumbukumbu, na yeye alifurahi, akatumia mapumziko yake yote ya mchana kuzinyoosha. Siku hiyo alijiona mtu. Sasa kompyuta ilikuwa imezimeza, na yeyote mwenye kubonyeza angeandika kwa mwandiko wake, lolote alitakalo, bila kumwuliza.

Alilipwa kurasa zake za mwezi. Karani wa mapokezi alimfungulia mkoba kuhakikisha hajabeba kalamu za ofisi. Kalamu zilikuwa za kwake, alizinunua mwenyewe, lakini alizitoa akaziacha, maana hakuwa na nguvu za kubishania kalamu.

&nbsp;

Nyumbani alisema kiwanda kimepunguza watu.

"Watu wasio na utu," Mwalimu alisema. "Miaka yote hiyo unawapangia karatasi." Jioni ile alisukuma nyama yake upande wa mjukuu, akasema meno yanamsumbua. Kesho yake pia meno yakamsumbua, na kesho kutwa. Wiki ya tatu aliacha kununua gazeti, akasema habari zenyewe ni zile zile.

Mwanamke alizunguka kwenye viwanda vya uchapaji na mfano wa mwandiko wake ndani ya bahasha. Kila mahali waliusifu, na kila mahali palikuwa na kompyuta. Mmoja alimwuliza kama anajua kufagia. Alisema anajua, akaambiwa aache namba ya simu.

Katikati ya hayo ikaja barua yenye nembo ya jarida. Mzee aliisomea nyumba nzima kwa sauti, amesimama.

"'Mpendwa msomaji. Tunakushukuru kwa maoni yako ya kina kuhusu ubora wa kazi yetu. Tumeyafanyia kazi. Aliyehusika ameondolewa, na kuanzia toleo lijalo utaona mabadiliko.'" Akaikunja kwa uangalifu. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mnaona? Nilimwambia mama yako hapa, bibi. Ufundi ndio dawa. Mtu mzima akisema kwa adabu, anasikika."

"Hongera, baba," mkwewe alisema.

Msichana aliinuka akatoka nje.

&nbsp;

Toleo jipya msichana alilipata shuleni. Wavulana walikuwa wanalisoma nyuma ya vyoo, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakirudia. Miezi mingi nyuma alikuwa amemnong'oneza rafiki yake mmoja kwamba mama yake ndiye anayeandika vile vipovu, na rafiki, kama marafiki walivyo, alikuwa amemnong'oneza mwingine. Siku hiyo walimsubiri getini. Walimwuliza kama mama yake anawafundisha matusi hayo nyumbani pia.

Alifika akaliweka jarida mezani mbele ya mama yake, bila kusalimu. Vipovu vilikuwa vidogo, vimekaa pembeni kwa adabu, na kila kitu kilichokuwa kimefunikwa sasa kilikuwa wazi. Ndani ya vipovu maneno yalikuwa yote. Herufi zilisimama wima, zimenyooka, T zikiwa na ule mkato wake kichwani.

"Uliniambia unayafunika," msichana alisema.

"Nilikuwa nayafunika. Haya si mimi, mwanangu. Ni mashine."

"Huu ni mkono wako."

"Walichukua herufi zangu wakazitia kwenye kompyuta."

"Mashine itajuaje kuandika kama wewe?" Midomo ilikuwa inamcheza. "Mama, uliandika au hukuandika?"

Mwanamke alifungua kinywa aseme sikuandika, akaukumbuka ule ukurasa mtupu na Mhariri akisema kumbe yanaenea. Akakifunga. Binti yake alisubiri, akaona amesubiri vya kutosha, akaanza kuvua viatu vya shule.

Hapo mzee akatoka chumbani na fimbo yake. "Limetoka? Lete nilione." Akakaa, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza kwa hamu ya mtu anayefungua zawadi. Alifungua wa pili, na wa tatu. Hakuomba kalamu nyekundu. Alipofika katikati alilifunga jarida, akaliweka uso chini kwa sababu mtoto alikuwa pale, akavua miwani.

"Ufundi wameurekebisha," alisema hatimaye. "Wamefanya kama nilivyowaambia." Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Lete karatasi, mwanangu."

"Baba, tuache. Hawa hawasikii."

"Si kwao. Huyu aliyeandika maneno. Nataka kumwandikia yeye. Bibi, usiende, kaa usikie, utajifunza jambo."

Msichana akakaa mkekani, akakumbatia magoti yake. Mama yake akachukua kalamu.

"Andika: Kwako mwandishi wa vipovu. Sikujui. Mwandiko wako leo nimeupa kumi juu ya kumi, alama ambayo sikumpa mwanafunzi yeyote. Mkono kama huo hupewi bure. Ungeweza kuandika lolote duniani, nawe umekubali kuandika haya. Ukisema ulilazimishwa, kalamu ilikuwa kwako. Kama una wazazi, wamekula hasara. Na kama una mtoto..." Mzee alimtazama mjukuu wake. "Kama una mtoto, namwonea huruma."

Msichana hakuinua kichwa.

"Niandike hivyo hivyo, baba?"

"Hivyo hivyo, mwanangu. Na safari hii usiruke."

Hakuruka. Aliandika neno kwa neno mpaka mwisho wa ukurasa, na yote yakaenea.